Seli Haiishi kwa Nomino: Kiswahili, Damu na Wazazi wa Ayany

Kila unapozuka mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba maarifa ya sayansi, hoja huanzia katika nomino na kuishia papo hapo. Anayekidunisha Kiswahili huuliza kina neno gani la kuiita kemikali fulani iliyomo ndani ya seli. Anayekitetea hukimbilia maktaba, akarejea na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 pamoja na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, zote za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaanza kuhesabu istilahi. Mahasimu hawa wawili, licha ya kelele zao, wanakubaliana juu ya jambo moja la msingi: kwamba sayansi ni orodha ya majina, na lugha yenye majina mengi ndiyo yenye sayansi.

Makala haya yanaupinga mkataba huo wa kimyakimya. Kemia ya seli hai si orodha ya vitu bali ni mfululizo wa matendo. Protini hushikana na kuachana, hukunjwa na kukunjuka; elektroni hutolewa, hupokewa na kurudishwa. Ikiwa hivyo ndivyo, basi utajiri mkubwa wa Kiswahili katika uwanja huu haumo katika nomino zake bali katika mnyambuliko wa vitenzi vyake, eneo ambalo wanafunzi wa isimu hulisoma kwa bidii darasani na kuliacha papo hapo wanapotoka. Aidha, mahali pa kuijaribu hoja hii si ukumbi wa semina. Ni mtaa kama Ayany, ambako kuna wazazi wanaohitaji kuielewa damu ya watoto wao.

Ayany ni mtaa wa nyumba za mawe unaopakana na vijiji vya Kibera jijini Nairobi, jirani na Olympic na Karanja. Wakazi wake wengi, kama ilivyo katika Kibera nzima, wana asili ya Nyanza na Magharibi mwa Kenya, na kila Desemba, au unapotokea msiba, husafiri kwenda huko na kurejea. Nairobi imeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na malaria si maradhi yanayostawi katika baridi yake. Hata hivyo, damu haisahau ilikotoka. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa nchini Kenya, alishiriki mwaka 1949 katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini humu na kukusanya sampuli za damu. Aligundua kwamba jeni ya selimundu ilipatikana kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyeirithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye huugua. Kwa hiyo mtoto wa Ayany anaweza kuzaliwa mbali na mbu wa ziwani na bado akabeba katika mishipa yake kumbukumbu ya vita vya mababu dhidi ya malaria.

Istilahi yenyewe, selimundu, yafaa kusifiwa. Aliyesikia seli na mundu hahitaji kamusi ili aione seli nyekundu iliyojipinda kama kifaa cha kukatia nyasi. Huu ni uundaji wa istilahi katika ubora wake. Lakini istilahi hiyo, kwa kuwa ni nomino, hutoa picha iliyoganda. Haielezi seli hujipinda lini, kwa nini, wala kama yaweza kunyooka tena. Hayo ndiyo mambo anayoyahitaji mzazi usiku wa manane, mtoto anapolia kwa maumivu ya mifupa.

Sasa vitenzi na viletwe. Ndani ya kila seli nyekundu mna mamilioni ya molekuli za himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mapafuni himoglobini huifumbata oksijeni. Inapofika katika misuli na viungo, huiachilia. Msomaji wa sarufi atatambua kwamba fumbata imetokana na fumba kwa kiambishi -ata, kile kinachoashiria kushika kwa kukaza, kama katika kamata na ambata. Sasa, himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina kasoro moja ndogo. Vernon Ingram alibainisha huko Cambridge mnamo 1956 na 1957 kwamba tofauti yote iko katika kiungo kimoja: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146, mahali pa asidi ya glutamiki pamekaliwa na valini. Valini huyakimbia maji. Himoglobini inapokuwa imeifumbata oksijeni, kasoro hiyo haina madhara makubwa. Inapoiachilia oksijeni, umbo lake hubadilika, upande mmoja wake ukapata kishimo, na valini ya molekuli jirani ikajichomeka humo ili kujificha na maji. Molekuli mbili hushikana. Ya tatu huja, na ya nne, hadi nyuzi ndefu zinajengeka na kuisukuma ngozi ya seli kutoka ndani. Kushikana kumegeuka kushikamana. Oksijeni ikirudi mapema, nyuzi hushikanuka na seli hunyooka; mchezo huo ukirudiwa mara nyingi, seli hukakamaa na kunyooka tena haiwezi.

Tazama kazi iliyofanywa na viambishi vitatu. Shikana ni tendo la wawili wanaoweza kuachana. Shikamana ni hali ya kunata. Shikanuka, ingawa si neno la kila siku, hueleweka na kila mwenye kujua kunjuka na fumuka, kwa kuwa kinyume cha tendo kimo katika sarufi yenyewe. Tofauti ambayo kitabu cha biokemia huieleza kwa aya nzima imebebwa na silabi mbili.

Hili si pambo la wanaisimu. Mzazi aliyeambiwa tu kwamba mtoto wake ana selimundu hupewa pia orodha ya amri: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoke kupita kiasi, akipata homa apelekwe hospitalini mara moja. Amri zisizo na sababu husahaulika. Mzazi aliyeelezwa kwamba protini hizi hushikamana zikikosa oksijeni na zikisongamana huiona sababu ya kila amri. Maji yakipungua mwilini, seli hunywea na himoglobini husongamana. Baridi hubana mishipa, damu ikapita polepole, ikakaa muda mrefu bila oksijeni. Hata dawa ya haidroksiyurea hueleweka: huufanya mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga aliye tumboni, ambayo haikubali kuingia katika zile nyuzi na kwa hiyo huzuia wenzake kushikamana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watoto zaidi ya 600 katika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya, na ambao kituo chake cha Kenya kilikuwa Kilifi, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, malaria na vifo. Mzazi anayejua dawa inazuia nini ndiye atakayeendelea kuinywesha hata siku ambazo mtoto anaonekana mzima.

Upande wa pili wa kemia hii ni utoaji na upokeaji wa elektroni, na hapa tafsiri sisisi imeleta madhara. Waingereza huita upotevu wa elektroni kwa jina la oksijeni, na upokeaji wake kwa neno ambalo likifasiriwa moja kwa moja ni upunguzaji. Neno hilo lina historia yake: mawe yenye madini yalipoyeyushwa na kupokonywa oksijeni, chuma kilichobaki kilikuwa chepesi kuliko mawe yaliyotiwa tanuruni. Historia hiyo ni ya tanuri za Ulaya. Katika Kiswahili, kuiita hali ya kupokea elektroni upunguzaji ni kumpotosha msikilizaji, kwani kinachopokea hakipungukiwi bali huongezewa. Baya zaidi, katika kliniki neno hilo limekwisha kukaliwa. Upungufu wa damu ni ugonjwa unaojulikana na kila mzazi. Mwambie kwamba dawa fulani husaidia upunguzaji ndani ya seli za damu, naye atairudisha dawa hiyo dukani.

Ilhali Kiswahili kina kitenzi kilichokaa tayari: kupokezana. Wakimbiaji wa mbio za kijiti hupokezana. Wajenzi waliojipanga katika mstari hupokezana matofali. Elektroni nazo hupokezanwa kutoka molekuli hadi molekuli, na hakuna anayetoa pasi na kuwapo anayepokea. Kwa neno hilo moja, sheria kuu ya kemia hii imesemwa. Upotevu wenyewe nao una jina la kale, nalo ni kutu. Mabati ya Kibera yaliyogeuka rangi ya hudhurungi ni chuma kilichopokonywa elektroni na oksijeni kwa msaada wa unyevu. Chuma cha aina hiyo hiyo kimo katika kila molekuli ya himoglobini, na kazi yake ya kuibeba oksijeni humweka jirani na mwizi kila dakika. Kila siku kati ya nusu na asilimia tatu ya himoglobini hupoteza elektroni yake namna hiyo na kushindwa kubeba oksijeni. Mtu haoti kutu ndani kwa sababu seli ina vimeng'enya vya kurudisha elektroni iliyopotea.

Seli nyekundu, hata hivyo, ni maskini. Haina kiini wala mitokondria. Ili kupata elektroni za kujilinda hutegemea njia moja, ambayo mlango wake hulindwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD. Elektroni zipitiazo hapo hupokewa mwishowe na glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa, ambayo huzitoa ili kuvunja sumu kabla hazijaiharibu seli. Upungufu wa G6PD hurithiwa kupitia kromosomu ya X, kwa hiyo huwapata zaidi wanaume, nao umeenea katika maeneo yale yale ya malaria. Mwenye upungufu huo huishi vyema hadi siku atakapokutana na kitu kinachopora elektroni kwa kasi. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vyenye harufu kali, vinavyowekwa katika masanduku ya nguo kufukuza nondo, ni kitu cha namna hiyo. Kichanga mwenye upungufu wa G6PD akivishwa nguo zilizohifadhiwa navyo anaweza kupasukiwa na seli nyekundu kwa wingi, macho yakawa manjano na mkojo ukawa mweusi. Ni wazazi wangapi wa Ayany waliowahi kuelezwa jambo hilo kwa lugha wanayoizungumza?

Kenya imekwisha kulipia somo hili. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, ilijaribiwa kwa sehemu nchini humu, ikaidhinishwa Uingereza mwaka 2003, ikafika katika maduka ya dawa ya Kenya. Dapsoni, ikishabadilishwa na ini, huzipokonya seli nyekundu elektroni. Majaribio zaidi yalionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wenye upungufu wa G6PD ilishuka kwa kiwango cha hatari, na mnamo Februari 2008 dawa hiyo ikaondolewa sokoni. Dawa ilikwenda na habari yake ikaenda nayo. Nomino G6PD, herufi tatu na tarakimu moja, haikumwachia mnunuzi wa kawaida chochote cha kukumbuka. Kauli kwamba kuna damu ambazo hazirudishi upesi elektroni zilizoporwa ingeweza kukumbukwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba upotevu wa elektroni ni uovu mtupu. Dhana hiyo ndiyo mtaji wa wachuuzi wa vidonge vya kuondoa sumu, wanaopanda matatu na kuhubiri kwamba oksijeni inawazeesha abiria. Seli nyeupe za damu huua vijidudu kwa kuvimwagia viporaji elektroni. Fauka ya hayo, seli hutumia kiasi kidogo cha viporaji hivyo kama ishara. Mfano ulio bora ni wa protini mbili, Keap1 na Nrf2, ambazo uhusiano wao ulielezwa nchini Japani mwaka 1999 na Masayuki Yamamoto na wenzake. Katika hali ya utulivu Keap1 huikamata Nrf2 na kuikabidhi kwa wavunjaji, nayo huvunjwavunjwa punde baada ya kuundwa. Viporaji vinapozidi, hugusa salfa za Keap1. Mkono wake ukalegea. Nrf2 husalimika, ikaongezeka, ikaingia katika kiini na kuwasha jeni zinazoongeza glutathioni na walinzi wengine. Hatari yenyewe ndiyo inayobisha hodi kuomba ulinzi. Mboga za jamii ya kabeji, sukuma wiki ikiwa mojawapo, zina kemikali ambazo zikitafunwa huzaa viambata vyenye uwezo wa kuugusa mkono huo wa Keap1. Hilo halifanyi sukuma wiki kuwa dawa. Ni sababu nzuri ya kula mboga, basi. Aliyedhani kwamba kuzima ishara zote ni afya na akumbuke utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994: miongoni mwa wavutaji sigara zaidi ya 29,000, waliopewa vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa.

Pana pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba vitenzi hivi ni sitiari. Protini hazina mikono wala Keap1 haikamati mtu. Ni kweli. Lakini wanasayansi wa lugha zote husema kwa sitiari. Waingereza nao husema protini hukunjwa, husindikizwa na kufungwa. Suala si kutumia au kutotumia sitiari, bali ni kuchagua ile inayoonyesha sawasawa nani anatenda, nani anatendwa, na kama tendo laweza kutenduliwa. Sarufi ya Kiswahili humlazimisha msemaji kuyachagua hayo. Nomino humruhusu kuyakwepa.

Pingamizi ya pili ni kwamba Ayany haizungumzi Kiswahili sanifu. Huzungumza Sheng, Kiluo, Kiluhya, Kinubi na mchanganyiko wa vyote. Nalo ni kweli, na ndilo jibu lenyewe. Nomino za kamusi hazijawahi kufika katika kituo cha matatu. Shikana, achilia, pokezana na rudisha vimo humo tangu zamani, katika uwanja wa kandanda, kanisani, msikitini na katika vyama vya akiba. Anayefasiri sayansi kwa vitenzi hajengi daraja jipya. Hutumia lile ambalo watu wamekwisha kulivuka.

Jambo hili si la hiari tena. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Nayo majaribio ya dawa yanaendelea kuja. Voxelotori, dawa iliyobuniwa kuifanya himoglobini iendelee kuifumbata oksijeni ili isishikamane, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Baadhi ya vituo vya majaribio yake vilikuwa nchini Kenya. Septemba 2024 iliondolewa sokoni duniani kote, baada ya takwimu za majaribio kutia shaka kwamba madhara yake, vikiwemo vifo, yalizidi manufaa. Mzazi anayetia saini fomu ya kumwingiza mtoto wake katika jaribio la namna hiyo anakubali jambo linalotendeka baina ya protini na oksijeni. Asipoelewa tendo, saini yake ni wino tu.

Kwa hivyo idara za Kiswahili zina kazi, na haiwezi kuachiwa madaktari peke yao. Tasnifu za istilahi zinazoandikwa kila mwaka ziache kuhesabu nomino zilizomo na zisizomo, zianze kuchunguza vitenzi: ni kauli ipi inayobeba tendo lipi la seli, na ni ipi inayopotosha. Mwanafunzi wa mnyambuliko akae meza moja na mwanafunzi wa biokemia, kila mmoja amsahihishe mwenzake. Maelezo watakayoyaandika yapelekwe Ayany na Kawangware kabla ya kupelekwa mchapishaji, na kipimo cha ubora wake kiwe kimoja: mzazi aliyeyasikia mara moja aweze kumweleza jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini mtoto anywe maji, kwa nini nguo za kichanga zisitiwe nafthalini, na dawa anayoombwa kuikubali itamshika nani na kumwachilia nani. Asipoweza, maelezo yarudi mezani yaandikwe upya, hata kama kila istilahi iliyomo imeidhinishwa.